Namba Iliyo Kwenye Droo

Njoro, Moshi
Jumatano jioni

Kwako pacha wangu Kolumba,

Kabla hujaendelea kusoma, angalia uko wapi. Kama uko dukani kwa Baba Mdogo, kunja barua hii uitie mfukoni, ukaisome nyumbani, nyuma ya jiko, pale ambapo hakuna anayetufuata. Nimemwomba Sista Redempta akupe mkononi mwako, asimwachie mtu yeyote, hata akiwa ni ndugu. Alikuja huku kutibiwa macho. Nilimsikia Jumapili nje ya kanisa akiongea Kimatengo chetu na mwenzake, nikamfuata nyuma mpaka akageuka na kuniuliza kama nimepotea. Anaondoka kesho alfajiri, na Mungu akipenda Jumamosi atakuwa Mbinga.

Sasa kama umeshakaa, nakusalimu. U mzima? Mama je? Mpe shikamoo yangu, umuulize mgongo unaendeleaje tangu mlipomaliza kuchuma kahawa. Huku bado wanachuma, na kila nikiona buni nyekundu mikono inawasha. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hautulii. Nitakueleza kwa utaratibu, maana nikianza na mwisho utaitupa barua na kukimbilia dukani. Nakujua.

Siku ninaondoka uliniambia nikuandikie kila kitu kuhusu chuo na kozi zake, ili mwaka ujao uje ukiwa na macho. Nimeyaweka akilini. Basi anza na hili: chuo si kama sekondari. Hakuna kengele. Ratiba inabandikwa ukutani, kisha inabadilishwa bila kukuaga. Wiki ya kwanza nilikaa saa nzima kwenye mhadhara wa watu wa mwaka wa tatu, nikiandika kila neno, kwa sababu niligundua kosa mapema lakini niliona aibu kusimama na kutoka. Wewe ungetoka. Ungeuliza na njia.

Jambo la pili ni vyeti. Njoo na vyeti halisi, na usimpe mtu akushikie, hata akikwambia anakusaidia foleni. Mwanafunzi akikujia siku ya kwanza akitabasamu sana, akijua jina lako kabla hujamwambia, kaa naye mbali kidogo mpaka ujue anataka nini. Wengine wanataka uwe kwenye kikundi chao cha kazi ili uandike wewe, na wao waonekane siku ya kuweka majina. Wengine ni watu wazuri tu. Tabu ni kwamba mwanzoni wote wanafanana.

Mimi mwenyewe nimewashuku watu wote wa nyumba hii. Nimepanga chumba kwa Mama Ndeshi, mjane wa Kilutheri, Mchagga wa Old Moshi. Siku niliyofika aliniuliza baba yangu ni nani, alikufa lini, ukoo wetu ni upi, kwetu tuna ng'ombe wangapi, na kama tumezaliwa mapacha nani alitangulia. Nikajiuliza, huyu anatafuta nini? Jioni akaniletea kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja. Nikakinusa kwanza, nikidhani haoni.

"Kula, mwanangu," akasema. "Ningetaka kukuroga ningetumia nyama. Siwezi kupoteza dawa kwenye maharage."

Nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa kama mwizi.

Chumba cha pili anakaa Hapi, wa mwaka wa pili, kwao ni Holili mpakani. Huyo anaongea kuliko wewe. Siku ya tatu aliniomba namba yangu ya mtihani wa kidato cha nne, eti anionyeshe jinsi ya kutazama mambo yangu ya udahili kwenye simu yake. Nikamwambia nimeisahau.

"Umeisahau?" akasema. "Osmunda, mtu husahau siku ya kuzaliwa. Namba ya kidato cha nne mtu anazikwa nayo."

Nikarudi chumbani kwangu. Nilikuwa na sababu ya kuogopa, na ndiyo ninayotaka uisikie.

Siku moja kabla ya hapo, siku ya usajili, nilifika mbele ya afisa udahili, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Alifungua taarifa zangu kwenye kompyuta, akaivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Umesoma sayansi, PCB," akasema. "Una Bayolojia nzuri hivi, na chaguo lako la kwanza ni Ugavi na Ununuzi. Ulichagua mwenyewe?"

Kolumba, unakumbuka nilichagua nini. Uuguzi. Ulikuwepo. Baba Mdogo alikuwa anachapa fomu yangu kwenye kompyuta ya duka, mimi nimesimama mlangoni pale penye mashine ya kutoa nakala, na akasema, "Nimeshaweka Uuguzi juu, Ugavi nimeutupia chini kwa usalama." Sikusogea kuangalia. Niliona nikisogea atadhani simwamini. Sasa nimeletwa Moshi na yule mama ananionyesha kioo cha kompyuta, Ugavi uko juu kabisa, na Uuguzi haupo hata chini.

Nikamjibu, "Ndiyo, nilichagua mwenyewe."

Usiniulize kwa nini. Watu walikuwa wengi nyuma yangu, na mdomo ulitoa neno lililokuwa karibu.

Kisha akaangalia tena. "Na hii namba ya simu ni yako?" Akaisoma kwa sauti. Ilikuwa namba ya Baba Mdogo. Nikasema ni ya mzazi. Yeye akamgeukia mwenzake wa meza ya pili, akacheka kidogo: "Njoo uone. Hawa watoto wa Mbinga ni kumi na mmoja, na wote mzazi wao ni mmoja. Na wote wanasoma Ugavi."

Mwenzake akasema, "Huyo mzee ana kazi."

Watu wakacheka. Mimi nilichukua karatasi zangu nikatoka, nimesahau hata kalamu.

Tangu siku hiyo kila kitu nakikumbuka upya, na hakikai sawa. Nilikumbuka siku ile Baba Mdogo alivyotuita dukani akasema, "Osmunda umechaguliwa, Moshi! Kolumba, wewe mtandao umekunyima, subiri awamu ya mwisho, la sivyo mwaka ujao." Mama akapiga vigelegele kwa ajili yangu, kisha akanyamaza akikuangalia wewe. Lakini je, wewe uliuona ujumbe wenyewe? Mimi sikuuona. Alitusomea. Na simu ya Mama, ambayo ingeweza kutumika kwenye fomu zetu, iko kwake inatengenezwa tangu Agosti. Simu gani hiyo inayotengenezwa kuliko gari? Na wewe tangu siku ile uko dukani unachapa, unatoa nakala, unafungua asubuhi na kufunga jioni. Barua yako iliyopita uliandika amekusifu mbele ya wateja kwamba wewe ndiye injini ya duka. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nilisoma taratibu zaidi.

Sisemi ni mwizi. Baba Mdogo ndiye aliyetununulia daftari Baba alipofariki. Nayaandika haya huku nimeona haya, na ndiyo sababu sikupiga simu kwa Mwalimu wala kwa jirani. Jambo kama hili likipita kwenye simu ya mtu, kabla ya jua kuzama limefika sokoni.

Basi nilikaa na shaka zangu karibu wiki mbili bila kumwambia mtu. Nilihudhuria mihadhara. Hapa nikupe ushauri mwingine, maana usije ukadhani nimesahau: usichague kozi kwa jina lake. Majina yote ni mazuri. Omba orodha ya masomo ya miaka yote mitatu, isome moja moja, ujiulize ni lipi utaamka asubuhi kulisoma bila kusukumwa. Mtu akikwambia kozi fulani ina ajira, muulize yeye aliisoma? Na usimwulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuhusu kozi, pamoja na mimi. Muulize anayemaliza, tena siku ambayo hana haraka. Ugavi si kozi mbaya. Hapi anaisoma na anaipenda, anaweza kuongea juu ya zabuni mpaka uji unapoa. Lakini anaipenda yeye.

Jumamosi iliyopita Mama Ndeshi aliniambia nimsindikize juu Old Moshi kwenye kihamba chake, ndivyo wanavyoita shamba la ukoo lenye migomba na kahawa. Nilikwenda kwa sababu sikupata uongo wa kukataa. Tulipanda mpaka hewa ikawa kama ya kwetu Julai. Huko hawana mashimo ya ngoro kama yetu ya kuzuia maji yasiteremke. Wana mifereji, wanaiita mifongo, inaleta maji kutoka juu mlimani, na kila nyumba ina zamu yake ya kuyafungulia yaingie shambani. Sasa ni kiangazi, zamu ni jambo kubwa.

Tulipofika mferejini tulimkuta jirani yake, mzee mmoja ameegemea jembe. Nikasema shikamoo, akaitikia, kisha akamgeukia Mama Ndeshi.

"Ungebaki zako Njoro, ningekufungulia mimi. Kila zamu unapanda, unapanda. Unakuja kuyahesabu maji?"

"Aika, baba," Mama Ndeshi akamshukuru kwa Kichagga, huku amevua viatu. "Miguu bado ninayo. Ikiisha nitakutuma."

"Miguu yako itaisha kwa kunishuku."

"Na yako itaisha kwa kusimama hapo kila zamu yangu."

Wote wawili wakacheka. Mama Ndeshi akaingia kwenye maji, akatoa udongo na majani ya mgomba yaliyoziba, maji yakageuka yakaingia kwake. Yule mzee alimshika mkono kumtoa, wakaagana vizuri kabisa.

Njiani kurudi nilimuuliza. Nilijikaza toka mferejini mpaka barabarani ndipo nikauliza. "Mama, yule mzee humwamini?"

"Namwamini. Alichimba kaburi la mume wangu kwa mkono wake."

"Sasa kwa nini usimwache akufungulie?"

Alikung'uta udongo kwenye kanga yake. "Akifungua yeye, siku migomba yangu ikikauka nitamlaumu yeye, hata kama hana kosa. Nikifungua mwenyewe ikakauka, nitalaumu jua. Afadhali nigombane na jua, mwanangu. Jua halina shamba jirani."

Tulipofika Njoro nilikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Hapi, nikamwambia namba yangu nimeikumbuka.

"Atukuzwe Bwana," akasema. "Nilitaka kukupeleka hospitali."

Nikamwomba asiiandike yeye, anionyeshe tu pa kubonyeza, nitaandika mwenyewe. Alinitazama, akanipa simu. Ndipo alipoanza kunielimisha mambo ambayo sisi hatukuambiwa. Kumbe mtu akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, hawezi kwenda popote mpaka athibitishe chuo kimoja. Anatumiwa namba ya siri kwenye simu aliyoandika kwenye fomu, na aliye na namba hiyo ndiye anayeamua. Asipothibitisha, nafasi zote mbili zinapotea. Na kuna orodha ya wazi ya wale ambao hawajathibitisha, mtu yeyote anaweza kuisoma.

Nilijitafuta humo, sikuwepo. Mimi nilishathibitishwa zamani, na si mimi niliyethibitisha. Nikabaki nimeshika simu. Kisha nikaandika namba yako ya mtihani. Naijua kuliko yangu, maana ulikuwa ukiiimba dirishani siku zote za mtihani.

Kolumba, umo.

Nilisoma mara nne. Jina lako, la Baba na la Babu, herufi zote sawasawa. Umechaguliwa na vyuo viwili. Kimoja ni hiki cha hapa Moshi, Ugavi na Ununuzi, bila shaka kama sisi wengine kumi na mmoja. Kingine kiko Iringa, na kozi ni Sheria. Umeielewa? Sheria uliyomsimamia Baba Mdogo begani mpaka akaichapa, ukakataa kuondoka hadi aibonyeze. Mtandao haukukunyima. Namba yako ya siri ilitumwa, na iko kwenye ile simu anayoiacha kwenye droo ya meza, droo unayoifuta vumbi kila asubuhi.

Mwisho wa kuthibitisha ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kwa hiyo ukiipata barua hii, una kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Mwaka ujao aliokuahidi Baba Mdogo hauhitajiki. Ni wiki hiyohiyo.

Sasa nisikilize vizuri, maana nakujua utataka kuivuta hiyo droo. Usiivute. Ukiichukua namba kwa siri, utakuwa umefanya lilelile ninaloshuku kuwa yeye amelifanya. Fanya hivi. Jumatatu asubuhi mwende wewe na Mama. Mama ana kitambulisho na wewe unacho, pitieni kwanza kwa wanaosajili laini, uweke alama zako za vidole, upate laini iliyo yako. Kisha muingie dukani wakati hakuna wateja, umwambie kwa heshima, Mama akiwa amekaa hapo: "Baba Mdogo, jina langu limeonekana kwenye orodha. Naomba namba yangu." Halafu unyamaze. Najua kunyamaza ni kazi kwako, lakini nyamaza, umtazame usoni.

Inawezekana akashangaa kweli. Simu ile inapokea jumbe za watoto wa watu kumi na mmoja, pamoja na wateja na mikopo ya mitandao, na huenda ya kwako ilizama. Inawezekana aliiona akaona Iringa ni mbali, au Sheria haina ajira, akaamua kwa niaba yako kama alivyoniamulia mimi. Inawezekana duka lilihitaji injini. Sijui ni lipi, na nimechoka kuyapanga usiku na mchana. Uso wake utakwambia. Akikupa, mshukuru, ukae kwenye kompyuta ileile unayoichapia kila siku, ubonyeze kwa kidole chako. Akisema imefutika, usigombane. Kuna sehemu ya kuomba namba itumwe upya kwenye simu mpya, Hapi amenionyesha, nimekuandikia hatua zake nyuma ya karatasi hii. Na uwaambie wale wadogo wa kidato cha sita wanaokuja dukani: kila mtu aandike namba yake mwenyewe, au ya mama yake, na asimame karibu na kioo mpaka mwisho. Hata kama anayechapa ni malaika.

Mimi pia nimejaribu. Jana nilirudi kwa yule mama mwenye miwani. Nilipanga maneno njia nzima, nilipofika yakanikimbia yote, nikabaki na moja tu. Nikasema, "Sikuchagua mwenyewe."

Alivua miwani. "Nilijua," akasema. "Ulivyojibu siku ile ulikuwa unaitazama meza. Sasa mbona umekaa wiki mbili?"

Akanipa fomu ya kuomba kuhama kozi, akasema nafasi za Uuguzi ni chache na hawezi kuniahidi kitu, nisubiri. Basi nasubiri. Lakini fomu nimeijaza kwa mwandiko wangu, na nikinyimwa, nitakuwa nimenyimwa nilichokiomba.

Bado jambo moja, nalo ndilo gumu kuliko yote. Chumba changu kina vitanda viwili. Siku nilipomwambia Mama Ndeshi kwamba nina pacha, alisema kitanda cha pili hatampa mtu, atakutunzia wewe. Nami kwa siku nyingi nimelala nikikitazama, nikiwaza ukija mwaka ujao utakilalia, na wewe ndiye utakayeongea na watu. Nakwambia ili usije ukasikia kwa mwingine ukadhani nilikuficha. Najua utakapokaa mbele ya ile kompyuta utaona Moshi na Iringa, na utanifikiria mimi na woga wangu. Usinifikirie. Hakuna siku umetaka kusoma Ugavi. Ukinichagua mimi, na mimi nitakuwa nimekuchapia fomu kama Baba Mdogo.

Msalimie Mama, umwambie kiburu ni chakula kizuri na sijarogwa. Msalimie Babu, umwambie huku kahawa wanaipanda chini ya migomba na haifi, asibishe. Mshukuru Sista Redempta, umpe ndizi mbivu za pale nyuma. Baba Mdogo naye mpe shikamoo yangu, na umwambie inatoka moyoni, maana inatoka moyoni kweli, pamoja na yote niliyoandika.

Leo asubuhi nimepanga vitabu na begi langu juu ya kile kitanda cha pili, kisionekane kama kinasubiri mtu.

Ni mimi uliyenitangulia duniani kwa dakika chache, nikakufuata,

Osmunda